Jumla iko sawa, lakini Mama Zawadi kaonewa!

Wiki hii naomba tuweke pembeni habari za mapenzi na za viwanja vya kujirusha, tuongee mshiko. Siongelei namna ya kuutafuta, maana hilo kila mtu anajifanya analijua. Naongelea namna ya kuuhesabu.

Siku hizi mjini kumekucha. Dada ana saluni, mshikaji anauza kava za simu, mwingine kafungua kaduka ka vitenge. Wote hao walianza na daftari la kaunta, lile la jalada gumu lenye alama za chai. Baadaye wakahamia Excel, wakajiona wamemaliza. Sasa hata Excel imeanza kuonekana ya kishamba, kila mtu anataka programu kamili ya mahesabu. Kuna QuickBooks, kuna Xero, kuna Zoho Books, kuna Tally, na kwa wale wenzangu na mimi wa mfuko mwepesi kuna GnuCash, ambayo ni ya bure. Mtu akishaipata hiyo programu, kijiweni hatukai. Anatamba mpaka basi!

Halafu siku ya siku anakutana na kitufe cha kuingiza data kutoka Excel. Hapo ndipo patamu. Anadhani kitufe kile ni kama lori la kuhamisha vyombo, yaani unapakia Magomeni unashusha Mbagala, kitanda kilekile na kabati lilelile. Thubutu!

Mimi si mhasibu, jamani, msije mkanipigia saluti bure. Ni mtu wa fomu foo tu. Lakini pembeni ya kuandika ukurasa huu huwa napata vijisenti vya nauli kwa kuwasafishia watu mafaili yao kabla hawajayaingiza kwenye programu, na wakati mwingine baada ya kuyaingiza, mambo yakishaharibika. Haya ninayosema leo nimeyaona kwa macho yangu mawili.

Daftari lisilobisha

Kwanza tuijue Excel ni mtu wa aina gani. Kaka yake mkubwa ni VisiCalc, programu iliyotoka mwaka 1979, kazi ya Wamarekani wawili, Dan Bricklin na Bob Frankston. Excel yenyewe ilitoka mwaka 1985 kwenye kompyuta za Macintosh, ikaja kwenye Windows mwaka 1987. Miaka yote hiyo tabia yake ni moja, haibishi. Kwenye safu ya fedha ukiandika "atalipa Ijumaa", inakubali. Ukiandika "25,000/=" kama tulivyozoea, inakubali. Ukiandika "laki mbili na nusu", inakubali pia. Kwako wewe zote hizo ni fedha. Kwake, hayo ni maandishi tu, na maandishi hayajumlishwi.

Programu ya mahesabu ni mtu wa aina nyingine, ni kama mwalimu wa zamu. Inafuata ule utaratibu wa debiti na krediti, ambao mtawa mmoja wa Kiitalia, Luca Pacioli, aliueleza kwenye kitabu chake kilichochapwa Venice mwaka 1494. Kila tukio linaandikwa sehemu mbili. Ukiuza kitenge kwa mkopo, mauzo yanapanda na deni la mteja linapanda. Mteja akilipa, fedha inapanda na deni lake linashuka. Ili iweze kazi hiyo ni lazima ijue mambo manne: nani, lini, kiasi gani na kwa ajili ya nini. Ukiidanganya kwenye hata moja, haikuulizi mara mbili. Inaamini, halafu inaandika uongo wako kwa mpangilio mzuri kabisa wenye mistari iliyonyooka.

Kisa cha vitenge

Sasa niwape mkasa. Kuna duka moja la vitenge hapa Dar, silitaji. Bosi wake ni kijana kama mimi na wewe, kanunua programu, kamwambia mdogo wake aingize orodha yote ya wadaiwa kutoka Excel. Dogo kabonyeza, kompyuta ikasema tayari. Wakalinganisha jumla ya madeni yote ya kwenye Excel na ya kwenye programu, zikawa sawasawa mpaka shilingi ya mwisho. Wakagonga mikono, soda zikaagizwa.

Kesho yake programu ikatuma meseji za kuwakumbusha wenye madeni. Meseji moja ikamfikia mama mmoja mteja wa siku nyingi, nimuite Mama Zawadi ingawa silo jina lake. Eti anadaiwa 240,000. Mama wa watu akaja dukani mchana kweupe, duka limejaa. Dogo akampa shikamoo, mama akaitikia marahaba kwa sauti ya chini. Akafungua pindo la kanga, akatoa stakabadhi mbili zilizokunjwa vizuri. Moja ya 100,000, nyingine ya 140,000.

"Mwanangu, hii ni saini ya nani?"

Dogo kaangalia skrini, kaangalia karatasi, kawa mdogo kama piritoni. Kumbe kwenye Excel mama yule alikuwa ameandikwa mara tatu. Deni liliandikwa "Mama Zawadi". Malipo ya kwanza yaliandikwa "Mama Zawadi Tandika". Malipo ya pili, siku ya haraka, yakaandikwa "mama Z". Mtu mmoja, lakini kompyuta ikafungua wateja watatu. Wa kwanza anadaiwa 240,000. Wa pili anaidai duka 100,000. Wa tatu anaidai duka 140,000. Ukijumlisha wote unapata sifuri, na ndiyo maana jumla ilikuwa sawa!

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho nataka na wewe leo uondoke nacho. Jumla haimjui mtu. Jumla inaweza kukaa sawa kabisa wakati huku chini mtu anadaiwa alichokwisha kulipa, na mwingine anasamehewa asichostahili. Mama yule hakutukana wala hakugomba. Alikunja stakabadhi zake, akaondoka, na sasa hivi vitenge vyake anachukua duka la ng'ambo ya barabara. Miaka yake yote ya uaminifu ilivunjwa na meseji moja.

Mimi niliitwa baada ya hapo. Ilinichukua siku nne. Na unajua aliyeniokoa ni nani? Si bosi wala si dogo. Ni dada muuzaji wa dukani, ambaye ndiye aliyekuwa akiandika lile daftari tangu mwanzo. Yeye alijua "mama Z" ni nani, "yule wa bajaji" ni nani, na "Hamisi mrefu" na "Hamisi wa gesti" ni watu wawili au mmoja. Nikamuuliza, dada, mbona hukuwaambia? Akanijibu kwamba hakuna aliyemuuliza. Yeye aliambiwa tu kompyuta ikishafungwa huenda kazi yake isiwepo. Sasa mtu wa namna hiyo atakuja mwenyewe kukusahihishia?

Kwa hiyo somo la kwanza. Kabla hujagusa kitufe, mkalishe yule anayelijua daftari, mnunulie chakula cha mchana, mlipe masaa yake ya ziada, pitieni jina moja baada ya jingine. Kila mteja apewe jina moja tu, na ikiwezekana namba yake ya kumtambulisha. Angalia pia nafasi tupu inayojificha mwishoni mwa jina, maana kuna programu zinazoona hilo ni jina jingine kabisa. Excel ina fomula ya TRIM ya kufuta nafasi hizo. Ila uwe mwangalifu na kile kitufe cha kuondoa marudio. Wateja wawili wakinunua khanga za bei moja siku moja, kitufe hicho kinaweza kudhani ni mstari mmoja ulioandikwa mara mbili, kikafuta mauzo halali.

Tarehe zinazohama usiku

Jambo la pili ni tarehe. Sisi tunaanza na siku, halafu mwezi. Wamarekani wanaanza na mwezi. Kama kompyuta yako imepangwa Kimarekani, ukaandika 03/04/2024 ukimaanisha tarehe 3 Aprili, yenyewe inaelewa 4 Machi. Hailalamiki hata kidogo. Lakini ukiandika 25/04/2024, inatafuta mwezi wa 25, haiupati, inaiacha kama maandishi. Matokeo yake nusu ya mauzo yako yanahama mwezi na nusu yanakataliwa. Dalili yake ni rahisi: itazame safu ya tarehe ambayo hujaipanga kwa mkono. Zilizoeleweka kama tarehe zinaegemea kulia, zilizobaki maandishi zinaegemea kushoto. Ukiona safu moja imegawanyika kama mashabiki wa Simba na Yanga, simama hapohapo. Dawa ni kuandika kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, yaani 2024-04-03, au kuhakikisha programu imeambiwa mpangilio unaotumia.

Msifikiri hili ni tatizo la sisi waswahili tu. Wanasayansi wa vinasaba nao limewatoa jasho. Kulikuwa na jini zilizofupishwa MARCH1 na SEPT1, kila wakiziandika Excel inazigeuza kuwa tarehe za Machi na Septemba. Mwishowe wataalamu wanaosimamia majina hayo wakasalimu amri. Kwenye mwongozo wao wa mwaka 2020 wakatangaza kuzibadili majina, zikaitwa MARCHF1 na SEPTIN1. Fikiria, binadamu kabadilisha jina la jini ili kuepuka ugomvi na Excel!

Tatu ni namba za simu. Namba zetu zinaanza na sifuri. Excel ikiiona inadhani ni hesabu, inaitupa sifuri ya mbele, tarakimu 10 zinabaki 9, na meseji ya ankara haifiki popote. Safu ya simu ipange iwe ya maandishi kabla ya kuandika. Safu ya fedha ifanye kinyume chake, yaani tarakimu tupu, bila Tsh, bila "/=", bila mkato. Andika 25000, basi.

Hesabu mistari yako

Programu nyingi zinapenda upeleke faili la CSV. Hilo ni faili la maandishi matupu ambalo safu zake zimetenganishwa kwa mikato. Sasa sikiliza vizuri. Ukihifadhi Excel kama CSV, inachukua ukurasa mmoja tu, ule ulioufungua. Kama una kurasa 12, Januari mpaka Desemba, miezi 11 imebaki nyuma. Na ukishalihifadhi hilo CSV, usilifungue tena kwa Excel eti uhakikishe, maana likifunguka tu tarehe zinaanza kuhama upya na sifuri zinadondoka, na ukilihifadhi hapo umeyarudia yaleyale. Lichungulie kwa Notepad.

Kisha hesabu mistari. Kama Excel ina mistari 812 ya mauzo, programu nayo ikuonyeshe 812. Unaona ni jambo dogo? Mwaka 2020, wakati wa korona, taasisi ya afya ya umma ya England ilikuwa inapokea majibu ya vipimo kwa mafaili ya CSV, inayaingiza kwenye Excel ya mtindo wa zamani, ule ambao mwisho wake ni mistari 65,536. Iliyozidi ikaachwa nje kimyakimya. Watu 15,841 wenye maambukizi hawakuingia kwenye hesabu za kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba. Wenyewe walikuwa wameshapewa majibu yao, lakini kazi ya kuwatafuta waliokuwa karibu nao ikachelewa. Kwa hiyo kama nchi yenye mitambo yake ilipoteza watu kwenye mistari, wewe na genge lako usijione mjanja.

Kuuza gauni moja mara mbili

Sasa tuje kwenye kosa linalokula fedha kabisa. Unaingiza mauzo yako kutoka Excel. Baadaye unaingiza taarifa ya benki au ya malipo ya simu. QuickBooks ya mtandaoni, kwa mfano, inapokea faili la benki lenye safu 3 za tarehe, maelezo na kiasi, au safu 4 ambapo kinachoingia na kinachotoka vimetengwa. Mpaka hapo poa. Tatizo linaanza unapoona fedha imeingia benki, ukaiita mauzo. Gauni moja la 60,000 limeshaandikwa kwenye mauzo, na sasa malipo yake yameandikwa mauzo tena. Kompyuta inasema umeuza 120,000. Unavimba kichwa, unapanga safari ya Zanzibar, halafu unakuja kulia siku ya kodi. Faida ni ya karatasi, kodi ni ya kweli! Fedha iliyoingia benki inatakiwa ioanishwe na ankara ambayo tayari ipo, isifanywe mauzo mapya.

Hali ni hiyohiyo kwa madeni ya zamani. Chagua siku moja ya kukata, tuseme mwisho wa mwezi au mwisho wa mwaka. Kwa kila mteja, ama unaingiza salio lake la siku hiyo, ama unaingiza ankara zake moja moja ambazo hazijalipwa. Ukiingiza vyote viwili umemdai mara mbili. Bidhaa nazo zihesabu kwa mkono wako rafuni siku hiyohiyo, usichukue namba ya Excel kwa kuiamini sura.

Mpangilio wa kuingiza ni huu: kwanza orodha ya akaunti, pili wateja na wauzaji, tatu bidhaa, nne masalio ya kuanzia, mwisho miamala mipya. Ukianza na miamala, programu itauliza huyu mteja ni nani, halafu nyingine zitajitungia jibu. Na kabla ya yote weka nakala ya faili lako la Excel pembeni, usiiguse. Kisha jaribu na mistari 10 tu. Ikikaa sawa, ndipo uachie mzigo wote.

Usiwaanike watu

Kuna jambo moja la heshima nalo nimalizie. Faili lile lina majina ya watu, simu zao na madeni yao. Nimewahi kukuta faili la namna hiyo limeachwa kwenye kompyuta ya steshenari, kila anayekuja kutoa fotokopi analiona. Jamani, Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Hata isingekuwepo, wewe ungependa mtaa mzima ujue unadaiwa sabuni?

Na kwa wale wanaopenda kulipa mtu awafanyie, mimi sikatazi, ndio ulaji wetu. Ila akikuambia kamaliza kwa dakika 20, usitoe hela kwanza. Mwambie akuonyeshe vitu vitatu: idadi ya mistari kabla na baada, jumla ya madeni kabla na baada, halafu wateja 10 utakaowachagua mwenyewe kwa kidole, mmoja mmoja, salio la programu na stakabadhi za kwenye boksi. Akianza kukuzuga kwa maneno ya Kizungu, ujue huyo ni msanii. Na meseji za kudai zifunge kwanza. Zisitoke mpaka yule anayelijua daftari aseme zitoke.

Haya, kwa leo kalamu naiweka chini. Wiki ijayo tunarudi kwenye yale mambo yetu ya chumbani na ya ukweni, maana najua kuna walioanza kununa tangu aya ya kwanza. Msijali, nawapenda wote. Tchao!